Kikohozi cha Ngege Bendi

Faraj Asuman alikuwa na njia yake mwenyewe ya kunyoosha gurudumu la baiskeli lililopinda. Mafundi wengine wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, walifumba jicho moja na kuchungulia. Yeye alifumba yote mawili. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akazidonoa spoku moja moja kwa ukucha, akasikiliza. Spoku iliyolegea ilijibu kwa uvivu, iliyokazwa mno ilipiga kelele, na Faraj aliendelea kukaza hapa na kulegeza pale mpaka zote zikapatana. Watu walisema mzee yule ana mashetani. Hakuwa na mashetani. Alikuwa mpiga gita asiye na gita.

Hakumwambia mtu. Mnubi aliyeuona mwaka wa 1979 mjini Jinja alijifunza kusubiri aulizwe mara tatu ndipo ajibu mara moja, na katika miaka minne tangu Faraj arudi kutoka ukimbizini Sudan, hakuna aliyemwuliza hata mara ya kwanza. Jambo hilo, Mungu amsamehe, lilimkereketa kuliko njaa.

Asubuhi moja ya mwaka 1991 msichana mwenye gita mgongoni aliteremka kwenye teksi iliyotoka Mbale, akaenda moja kwa moja penye kikaango cha mke wa Faraj. Mama huyo alipika gurusa, mikate myembamba ya Kinubi, hatua tano tu kutoka karakana ya mumewe. Alisema alipapenda pale kwa sababu ya kivuli. Faraj alijua ni kwa sababu ya kumchunga.

"Mama, habari. Walukuba iko mbali?"

"Si mbali, ni kule upande wa mjini. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mastula."

Mwiko ulisimama hewani. "Mastula yupi?"

"Mastula wa Walukuba, Mama! Ile ya wimbo. Ya Ngege Bendi."

Alisema anaitwa Janepher, anasomea ualimu Mbale, anakaa mtaa wa Nkoma, na ana bendi yake ya wasichana watatu na mvulana mmoja wa kubeba vyombo. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kaseti ya Ngege Bendi, akiirudia mpaka mkanda ukachakaa. Kwa hiyo alikisema kama mtu anayeimba, na hata makosa yake yalikuwa na mdundo.

"Na huyo Mastula," mama wa gurusa aliuliza, "ukimkuta utamwambia nini?"

Janepher alicheka kwa huruma. "Mama, yeye si mtu. Walimu yetu wamechunguza sana. Mastula ni nchi. Ni Uganda mwenyewe, amekaa dirishani anangoja amani."

Spana ilimponyoka Faraj ikaangukia kidole cha mguu. Mkewe, aliyeitwa Mastula tangu azaliwe, na ambaye mwaka wa 1975 alikaa kwenye dirisha moja kule Walukuba akimngoja kijana mwenye gita na asiye na saa, aliigeuza gurusa polepole.

"Kumbe," alisema. "Nami nilidhani alikuwa anangoja mtu aliyechelewa." Akamtupia mumewe jicho.

Faraj alijongea huku akichechemea. "Na huo wimbo wenyewe, mwalimu, una nini cha ajabu?"

"Mzee, hujasikia ile kimya?" Janepher aliweka gurusa chini ili apate mikono yote miwili. "Katikati ya wimbo gita zote zinanyamaza. Kabisa! Sisi wa Nkoma tunahesabu tisa. Wale wa mtaa ya Industrial Division wanahesabu kumi na moja, kwa sababu redio yao ina betri mzee, lakini ukiwaambia wanataka kupigana. Ile kimya ni ya wafu wa vita."

"Wimbo ulirekodiwa mwaka wa sabini na nane," Faraj alisema. "Vita vilikuja mwaka uliofuata."

"Ndiyo, Mzee. Joash, yule mwimbaji wa Ngege Bendi, aliona mbele. Yule ni nabii."

Mastula alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Halafu," Janepher aliendelea, akishusha sauti kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani, "inakuja kikohozi. Joash anakohoa mara moja tu, na gita zinarudi zote pamoja. Mbale nzima hakuna bendi inapiga bila kukohoa. Ukisahau wanakuzomea mpaka ulie."

"Kikohozi cha Joash," Faraj alisema.

"Cha Joash mwenyewe. Jaribu, Mzee."

Faraj alikohoa. Hakuigiza; kila neno la msichana yule lilikuwa limemkwama kooni. Janepher alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande.

"Si mbaya. Lakini ya Joash inatoka chini, kwenye uchungu. Yako inatoka kwenye vumbi. Weka mkono hapa, chini ya mbavu. Haya, tena."

Faraj akakohoa tena, mkono chini ya mbavu, mbele ya wateja wawili na mke aliyekuwa akilia kwa kicheko huku gurusa inaungua. Janepher alimsifu kwamba anaendelea vizuri. Kabla hajaondoka aliwakaribisha Mbale Jumamosi inayofuata: bendi zote zingekutana katika ukumbi mmoja kumpa Joash heshima, naye Joash angepiga mwenyewe. "Mje mumwone," alisema. "Mzee, huko utasikia kikohozi yenyewe."

*

Na kweli ilikuwa hivi.

Ngege Bendi walikuwa vijana wanne, Wanubi wawili na Wakenya wawili, nao walikuwa na sheria mbili. Jumapili asubuhi hakuna mazoezi, kwa ajili ya Joash na mwenzake. Na muadhini akiita, mikono yote hutoka kwenye nyuzi, kwa ajili ya Faraj na mwenzake. Vidole vya kushoto vilibaki palepale vilipokuwa, wakangoja, na adhana ikiisha waliendelea kutoka neno lile lile waliloliacha. Hawakubishana juu ya sheria hizi. Walibishana juu ya mengine yote.

Siku ya kurekodi, katika chumba nyuma ya duka moja la Jinja, adhana ya alasiri iliwakuta katikati ya wimbo. Wakanyamaza. Fundi akaacha mashine inazunguka, kwa kuwa mkanda ulikuwa mmoja tu na alikuwa amepigwa na bumbuazi. Faraj siku hizo alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na mapafu yake yalijaa pamba. Alikizuia kikohozi adhana nzima, machozi yakimtoka, kwa heshima ya wito. Muadhini alipomaliza, Faraj alikiachia. Wenzake walijua siku zote kwamba Faraj akikohoa adhana imekwisha, basi wakaingia pamoja kama mtu mmoja. Baadaye fundi aliikata adhana kwa wembe, akaacha kipande kidogo cha kimya, na kikohozi akakisahau.

Santuri mia tatu zilichapwa Nairobi. Mpakani askari mmoja mnene alilitumia boksi kama kiti kwa muda wa saa nne, na zilizonusurika zilikuwa sitini. Hizo sitini zikazaa kaseti, kaseti zikazaa kaseti, kama kanga kichakani. Jinja watu waliziacha, maana Kiswahili baada ya vita kiliwakumbusha sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani akiuliza una nini mfukoni. Lakini Mbale, penye madereva na wachuuzi wa njia ya Kenya, wimbo ulipata maji na mbolea.

Na jina la Faraj? Mastula alimkumbusha usiku huohuo wa ziara ya Janepher, walipokuwa wanakula.

"Baba Zaituni, sema ukweli. Huko Mbale unakwenda kutafuta nini?"

"Jina langu. Litamkwe mara moja tu, kwa sauti, mbele za watu."

"Ni nani aliyelitoa?"

Faraj akajiongezea mboga.

"Ni nani?" Mastula hakuwa mtu wa kuachia.

"Mimi," alisema Faraj.

Ilikuwa Aprili ya 1979, serikali iliyosemekana kuwapendelea Wanubi imeanguka. Majirani walikuwa wakizivunja nyumba za Wanubi mlango kwa mlango, pamoja na za wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Faraj alimwendea Joash na gita lake jekundu, na mezani kwa Joash wawili hao walikwangua kwa wembe jina la Faraj Asuman kwenye santuri zote sitini, ili atakayekutwa na santuri asipigwe kwa ajili yake. "Usilirudishe mpaka nikuambie," Faraj alisema, akamwachia na gita, akakimbia.

"Basi hukumwambia," alisema Mastula.

"Hakuuliza!"

"Angekuuliza wapi, kule Sudan, Yei? Na unafikiri utafanya nini huko ukumbini?"

Faraj aliinama juu ya sahani ili asionekane anatabasamu. "Nitakohoa kabla yake. Akifika kwenye kimya, akiwa anafungua kinywa, mimi nitakuwa nimeshamaliza. Bendi iingie kwa kikohozi changu, yeye abaki na chake mdomoni kama ugali wa moto."

"Mungu akupe akili," Mastula aliomba, na akaanza kupanga kikapu cha safari.

*

Jumamosi ukumbi wa Mbale ulijaa tangu saa nane mchana. Kitambaa cheupe kilitundikwa juu ya jukwaa: JOASH WA NGEGE BENDI. Bendi kumi na mbili zilipiga, na bendi zote kumi na mbili zilipiga wimbo mmoja. Kila kimya kilipofika, wa Nkoma walihesabu tisa kwa sauti, wa Industrial wakahesabu kumi na moja kwa sauti kubwa zaidi, na mara mbili mwenyekiti alilazimika kusimama kati yao. Mwalimu mmoja wa sekondari alieleza kwa dakika ishirini jinsi Mastula anavyowakilisha taifa. Mastula mwenyewe, kikapu cha gurusa mapajani, alimsikiliza kwa makini na akapiga makofi mahali pote panapostahili.

Saa kumi kasorobo Joash alipanda jukwaani. Alikuwa amenenepa, upara umemng'aa, miwani imefungwa kwa uzi. Duka lake la vipuri lilijulikana Industrial Division yote, na kila Jumapili alifundisha kwaya. Lakini Faraj hakumtazama yeye. Alitazama gita.

"Ni langu," alinong'ona. "Ni lile jekundu."

"Na mkanda ni wangu," alisema Mastula. Ule mkanda wa begani aliusuka kwa ukili wa rangi tatu, kama Wanubi wanavyosuka vikapu, mwaka ule wa dirishani. Ulikuwa umefumka upande mmoja, na mtu alikuwa ameushona upya kwa uzi mweusi, mishono midogo ya mkono wa mwanamume asiyejua kushona. "Ameutunza, Baba Zaituni."

"Ameiba, na ametunza alichoiba," alisema Faraj, lakini maneno hayakumtoka kwa nguvu aliyoikusudia.

Wimbo ulianza. Joash mbele, Janepher na vijana wawili nyuma yake. Faraj aliweka mkono chini ya mbavu kama alivyofundishwa. Kimya kikafika. Joash akavuta pumzi. Faraj akakohoa.

Na watu mia mbili wakakohoa pamoja naye.

Ukumbi mzima! Wazee, wanafunzi, mwenyekiti, mama mwenye mtoto mgongoni na mtoto mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi Joash akiwa jukwaani, na Janepher alisahau kumwambia. Kikohozi cha Faraj, alichokibeba kutoka Jinja kama yai, kilizama humo ndani kama tone la mvua katika Naili. Gita zikarudi. Kijana aliyeketi pembeni yake alimgusa bega kwa upole.

"Mzee, umechelewa kidogo. Lakini utazoea."

Mastula aliinamia kikapu chake, mabega yakitetemeka.

Faraj alikuwa anatafuta njia ya kutokea wakati adhana ya alasiri ilipoanza. Ilitoka msikiti wa jirani, ikapita madirishani, ikaingia juu ya gita na ngoma. Hakuna aliyeijali, wimbo ulikuwa umefika penye utamu wake. Hakuna ila mtu mmoja. Joash, katikati ya neno, aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye nyuzi.

Janepher aliendelea kidogo, akajikwaa, akaacha. Mpiga ngoma akagonga mara mbili peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba, naye akaacha. Watu walitazamana. Mahali hapa hapakuwa na kimya kwenye kaseti! Mtu wa Nkoma alianza kuhesabu, akafika tisa, akaona aibu. Wa Industrial wakafika kumi na moja, nao wakanyamaza. Adhana iliendelea. Joash alisimama amefumba macho, mkono wa kulia umening'inia, na vidole vya kushoto vimebana nyuzi palepale vilipokuwa.

Adhana ikaisha. Hakuna kilichotokea.

"Akohoe basi," mtu alinong'ona nyuma.

Joash hakukohoa. Jasho lilimtiririka kwenye upara. Faraj alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote: kile kimya cha kaseti Joash alikijua kwa kukariri, lakini hiki kilikuwa cha kweli, na katika kimya cha kweli Joash hakuwahi kujiingiza mwenyewe hata siku moja. Sasa ilitosha Faraj anyamaze tu. Joash angeaibika mbele ya Mbale nzima, na Faraj angekwenda nyumbani ameshiba. Aliionja dakika hiyo. Ilikuwa tamu kama asali ya wizi.

Halafu akavitazama vile vidole vya kushoto. Havikuwa vimetoroka. Vilikuwa vinangoja, kwa sheria ile ile, bila kusogea.

Faraj alisoma dua ya baada ya adhana, kwa haraka lakini yote. Akaongeza yake mwenyewe, fupi: Mola, nisamehe, nilikuja kwa nia mbaya. Kisha akakohoa.

Kikohozi hakijaisha, Joash alikuwa ameshaingia. Aliingia kwenye neno lile lile, nusu iliyobaki, kama aliyekatizwa na chafya tu, na Janepher akamfuata mbio, na wimbo ukaenda mpaka mwisho. Joash akauvua mkanda wa ukili begani, akasogea kwenye maikrofoni.

"Nani amekohoa?"

"Si mimi, Mwalimu!" alisema yule kijana wa pembeni, akisimama. "Si sisi!" wakasema wa Nkoma. "Ni Nkoma!" wakasema wa Industrial.

"Ni huyu," alisema Mastula, akamsukuma mumewe kwa kiwiko. "Ni wangu."

Joash aliteremka jukwaani polepole, gita mkononi, akaja mpaka mbele ya Faraj, akavua miwani, akaivaa tena.

"Afande," alisema, kwa jina la utani la zamani, maana babu yake Faraj alikuwa askari wa Mwingereza. "Nilisikia ulifia Yei."

"Nami nilisikia. Sikuamini."

"Nimekuombea kila Jumapili. Na uko wapi?"

"Bugembe. Mwaka wa nne."

"Bugembe! Hapo tu! Na hukuja?"

"Hukuniita."

"Mtu aliyekufa anaitwaje? Ulisema, usilirudishe mpaka nikuambie. Sasa si uniambie!"

Faraj alifungua kinywa. Miaka kumi na miwili alikuwa ameandaa hotuba, yenye mifano na lawama kwa mpangilio, na yote ilikimbia. "Nakuambia," alisema.

Joash alirudi kwenye maikrofoni karibu kwa kukimbia, kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Ndugu zangu, kikohozi ambacho nimewakoholea miaka yote hii si changu. Kila mara nilimwomba Mungu anisamehe, na kila mara nikakohoa tena, kwa kuwa mlipenda. Mwenyewe ndiye huyu. Gita ni lake. Ule mchezo wa nyuzi mnaouiga baada ya kimya ni wake. Anaitwa Faraj Asuman. Semeni."

"Faraj Asuman!" ukumbi ukasema.

Lakini hawakupiga makofi. Mtu mmoja wa Industrial alikohoa, mara moja, kutoka chini ya mbavu. Wa Nkoma akajibu. Kisha ukumbi wote, watu mia mbili wamesimama, wakimkoholea mzee wa baiskeli kwa heshima zote, mpaka madirisha yakatikisika. Faraj aliwainamia kichwa.

Janepher alikuwa wa kwanza kumfikia, mikono kichwani. "Mzee! Mimi nilikufundisha kukohoa!"

"Na umenisaidia, mwalimu," alisema Faraj. "Leo kimetoka chini."

"Basi tuamulie. Kimya ni tisa au ni kumi na moja?"

"Ni dakika tatu na ushei. Muadhini wa siku ile, Mzee Muhamad, hakuwa na haraka. Fundi ndiye aliyemkata."

Wa Nkoma waliguna. Wa Industrial walishangilia, wakidai kwamba kumi na moja ilikuwa karibu zaidi na ukweli, na palepale wakaanza kupanga jinsi watakavyonyamaza dakika tatu bila watu kurusha viti.

Faraj aliwaacha, akatoka kwenda kuswali alasiri iliyokuwa ikimngoja. Joash alimfuata mpaka penye mfereji wa maji wa msikiti, akaketi kwenye ngazi na gita jekundu mapajani, kumlindia viatu.

Ndani ya ukumbi Janepher alikuwa bado anamtazama mama wa gurusa, na kitu kilikuwa kinamjia taratibu.

"Na wewe, Mama," alisema, "sikukuuliza. Wewe jina lako nani?"

Mastula alifunua kikapu.

"Mimi? Mimi ni nchi. Chukua gurusa, zinapoa."